Kubadilishana Visu: Hotuba kwa Mafundi Wasiouza

Ndugu Mwenyekiti, mafundi wenzangu, na ninyi wageni mliofuatana na mafundi hawa, baadhi yenu bila shaka kwa shingo upande:

Nimeombwa nizungumzie desturi ambayo wengi wenu mmeisikia lakini ni wachache walioishiriki, nayo ni ile ya mafundi wa kujifurahisha kutengeneza visu kwa mikono yao na kubadilishana bila senti kupita kati yao. Kwa sura niliyoikuta nayo mimi, desturi hii ni ya Marekani, na huendeshwa kwa utaratibu mwepesi mno. Watu kadhaa hukubaliana muda, huandikisha majina, kila mmoja hutengeneza kisu kimoja, na siku iliyowekwa ikiwadia majina yote hutiwa ndani ya kofia. Kila mshiriki huchomoa jina moja, na kisu chake humwendea mwenye jina hilo. Hujui kisu chako kitaangukia mikono ya nani mpaka kimekwisha kutiwa makali, wala hujui wewe utapata cha nani. Na katika kofia hiyohiyo huwamo jina la mzee aliyekuwa akifua chuma kabla wengine wetu hatujazaliwa, na jina la kijana ambaye mwaka jana hakujua kwamba msumari na tupa vimetengenezwa kwa vyuma viwili tofauti.

Swali linalotangulia mengine yote kila jambo hili linapotajwa ni la haki. Ikiwa mimi nitatoa kisu cha thamani ya mbuzi na nikapokea kisu cha thamani ya kuku, nani amenidhulumu? Nalichukulia swali hilo kwa uzito, kwa sababu wanaoliuliza si wachoyo. Wametumia usiku na Jumapili zao kazini, na wana haki ya kujua wanapata nini. Hata hivyo naona wanapima kitu kisichostahili kupimwa. Kinachobadilishwa hapa hasa ni hukumu: kila mmoja anaipeleka kazi yake kwa mtu anayejua kisu, ambaye hakumchagua na ambaye hana sababu ya kumbembeleza.

Nitaeleza kwa nini hukumu hiyo ni adimu kwetu. Nendeni katika karakana za jua kali kule Gikomba au Kamukunji, Nairobi, mkawatazame mafundi wanaogeuza springi za magari na mabaki ya chuma kuwa patasi, majembe na visu. Fundi yule hana haja ya kofia wala majina. Mchinjaji aliyenunua kisu Jumatatu, makali yakigeuka Jumanne, Jumatano asubuhi atakuwa amesimama mbele ya fuawe na kisu mkononi, na maneno atakayoyasema yatasikika mpaka karakana ya tatu. Ndivyo fundi wa sokoni anavyojifunza, na ndiyo maana visu vyake, hata vikiwa na mipini ya kuparuza, mara nyingi hukata vizuri kuliko vyetu vinavyong'aa.

Sisi tusiouza hatuna mchinjaji huyo. Kisu cha kwanza humpa mtu shemeji yake. Shemeji hukipokea kwa mikono miwili, hukisifu, huwaita watoto waje wakione, kisha hukiweka katika kabati la vyombo vya wageni, na hapo ndipo kinapozeekea. Kisu cha pili huenda kwa jirani, ambaye hukitumia kufungulia makopo ya rangi. Mtu anaweza kutengeneza visu kwa miaka mingi kwa namna hii, akasifiwa kila mara, asijue kamwe kwamba chuma chake hakikupata ugumu wa kutosha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu wetu hata haonjeshi tembo lenyewe. Anasifiwa kwa kibuyu.

Kwa sababu hiyo napinga rai iliyotolewa katika kikao kilichopita, kwamba tugawe makundi mawili, wanagenzi wabadilishane wao kwa wao na mafundi waliokomaa wao kwa wao. Naelewa nia yake njema. Lakini wanagenzi wawili wakibadilishana visu, kila mmoja atapokea makosa yaleyale aliyoyatoa, na hakuna atakayeyatambua. Makali yakimeguka, hawatajua kama ni kwa sababu chuma kilipata moto mno, au hakikurudishwa kwenye moto mdogo baada ya kuzimwa katika mafuta, au kilisagwa chembamba kupita kazi yake. Nao mafundi wawili waliokomaa wakibadilishana, watapongezana. Kofia iwe moja.

Mwanagenzi anapata nini kwa kupokea kisu cha fundi aliyekomaa? Anapata kitu ambacho picha haiwezi kumpa, na ambacho hata kukaa karakanani kwa fundi huyo mchana kutwa hakumpi kwa ukamilifu. Chukueni mfano wa unene wa kengee, yaani bapa la chuma la kisu, nyuma kidogo ya makali. Mwanagenzi anaogopa kusaga. Anaona chuma kinapungua, anahofia kuharibu kazi ya majuma mengi, basi anaacha milimita moja nzima, pengine zaidi, kisha anatia makali mwishoni kwa kinoo. Kisu hicho kitanyoa nywele za mkono, na mwenyewe atafurahi. Mpeni karoti. Makali yataingia vizuri, kisha mabega ya kengee yatafika kwenye nyama ya karoti na kuisukuma kando, na kabla kisu hakijafika chini mtasikia "ta!", karoti imepasuka badala ya kukatwa. Kisu cha jikoni cha fundi anayejua huwa na robo hadi nusu milimita mahali hapo. Mwanagenzi akikishika kwa kidole gumba na cha shahada, akakiteremsha polepole kutoka mgongoni hadi makalini, vidole vitamwambia kile ambacho maelezo ya saa nzima hayakumwambia. Kisha atakata karoti, na kuanzia siku hiyo hofu ya kusaga itaanza kumtoka.

Fundi aliyekomaa naye anapata nini kwa kupokea kisu cha mwanagenzi? Hapa nitaeleza kisu kimoja nilichokipokea mimi, bila kumtaja aliyekitengeneza, ambaye sasa amenipita kwa ustadi. Kilikuwa kisu kifupi cha kazi za kawaida. Upande mmoja wa kengee ulisagwa juu kuliko wa pili, kiasi kwamba ukikitazama kutoka nchani kilionekana kama kinageuza shingo. Mikwaruzo ya msasa mkavu ilikuwa imebaki karibu na mpini, mahali ambapo kila mmoja wetu huchoka. Mbao mbili za mpini hazikulalia sawasawa kwenye msuka, ule mkia wa chuma unaoshikwa na mpini, na ule upenyo ulijazwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, kwa matumaini kwamba hakuna atakayetazama. Nilitazama. Kisha nikakinoa na kukitumia jikoni na nje kwa muda mrefu, nikikata kamba, maboksi, mfupa laini wa kuku na kila kilichonijia, na yale makali hayakuyumba. Nilipoyakandamiza kidogo juu ya fimbo ya shaba nyeupe, yalijipinda kidogo kisha yakarudi yalipokuwa, jambo ambalo visu vingi vyenye sura nzuri kupita hicho vimeshindwa kulifanya.

Barua iliyoambatana na kisu ilieleza sababu. Kijana alinunua chuma kinachojulikana kwa namba 1084, chenye kaboni ya takriban asilimia 0.84, kwa kuwa alisoma kwamba hicho humsamehe anayeanza. Hakuwa na tanuri lenye kipimo cha joto. Alikuwa na kopo lililotandikwa kitambaa cha kuzuia moto, bomba la gesi, na sumaku iliyofungwa kwenye waya. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi. Yeye alikipasha mpaka sumaku ikakataa kushika, akakiacha kiongeze joto kidogo tu baada ya hapo, akakizima katika mafuta ya kupikia aliyoyapasha moto kwanza, akajaribu kukikwaruza kwa tupa mpaka tupa ikateleza, kisha bila kuchelewa akakitia katika oveni ya mama yake kwenye nyuzi 200, saa mbili, mara mbili. Alifanya hivyo kwa uangalifu ambao wengi wetu wenye vifaa vya gharama tumekwisha kuupoteza, kwa kuwa tumewaachia vipimo kazi ya kutazama. Basi mimi niliyetoa kisu "cha mbuzi" nilipata somo la moto kutoka kwa mtu ambaye hakujua kupachika mpini.

Nataka tukae kidogo juu ya barua hiyo, maana bila barua kubadilishana visu ni bahati nasibu. Kila kisu kiambatane na maelezo ya kweli: chuma ni cha aina gani na kimetoka wapi, kilipashwa vipi, kilizimwa ndani ya nini, kilirudishwa kwenye moto wa kiasi gani. Aliyetumia springi ya gari aseme ni springi ya gari. Si aibu. Springi nyingi hutengenezwa kwa chuma cha namba 5160 au jamii yake, chenye kaboni ya asilimia 0.6 hivi na kromiamu kidogo, na ni chuma kizuri kwa panga na visu vikubwa. Lakini springi iliyobeba lori kwa miaka juu ya barabara zetu huenda ina nyufa zisizoonekana kwa macho, na anayepokea kisu ana haki ya kujua hilo kabla hajakiwekea nguvu. Asiyejua chuma chake ni cha aina gani aandike kwamba hajui.

Na barua ya pili, iliyo nzito zaidi, ni ile inayorudi. Aliyepokea kisu akitumie kwa muda wa kutosha, kisha amwandikie aliyekitengeneza: nilikifanyia kazi gani, kikaonyesha nini, na kama kingekuwa changu ningebadilisha nini. Hapa ndipo sisi, kwa malezi yetu, tunapata tabu ambayo Wamarekani hawana kwa kiasi hicho. Tumefunzwa kwamba zawadi haitiwi kasoro, na kwamba kumtolea mtu aibu yake mbele za watu ni utovu wa adabu. Mimi siombi tuiache adabu hiyo. Naomba tuitumie mahali pake. Mbele ya mkutano, mtu asifu kile kinachostahili sifa na anyamaze juu ya yaliyobaki. Katika barua ya siri, aandike yote. Mkubwa anayemwandikia mdogo aandike mambo mawili au matatu tu, maana mtu hawezi kurekebisha makosa kumi katika kisu kimoja kinachofuata. Mdogo anayemwandikia mkubwa naye asijifiche nyuma ya heshima. Kama mpini wa mzee unachoma kiganja baada ya nusu saa ya kumenya viazi, mzee anahitaji kuambiwa, na hakuna atakayemwambia isipokuwa wewe uliyemenya.

Kwa wanaodhani kwamba fundi mkubwa hupungukiwa akifungua siri zake, nitawakumbusha habari ya William Moran wa Maryland. Mnamo mwaka 1973, katika maonyesho ya chama cha watengenezaji visu cha Marekani, alileta visu vya chuma cha Dameski, yaani chuma cha matabaka yaliyounganishwa kwa kufuliwa hadi yakaonyesha mawimbi. Wakati huo karibu hakuna fundi wa visu nchini mwake aliyekuwa akifanya kazi hiyo, na angeweza kuifungia siri hiyo na kula kwayo maisha yake yote. Badala yake aligawa bure kijitabu kinachoeleza alivyofanya. Miaka mitatu baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha American Bladesmith Society, chama cha wafua visu kinachowapa mafundi daraja kwa mtihani. Leo chuma cha Dameski kinafuliwa hata na vijana kwenye mabanda nyuma ya nyumba zao, na jina la Moran, aliyefariki mwaka 2006, halikupungua hata chembe.

Mtihani wa chama hicho unafaa kutajwa, kwa sababu unaonyesha hukumu ikipelekwa mpaka mwisho wake. Kisu cha mtahiniwa hukata kamba nene inayoning'inia huru bila kushikwa, kwa pigo moja. Kisha hukata ubao wa kujengea ukatike vipande viwili, mara mbili. Kisha, bila kunolewa tena, lazima kinyoe nywele. Na mwishowe hubanwa kwenye jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90 bila kuvunjika. Kisu huharibiwa ili ijulikane kilikuwa nini. Sisi tusipindane visu, tafadhali. Lakini lipo jambo la mtihani ule tunaloweza kulichukua: kila mtu atengeneze kengee mbili kutoka kwa chuma kimoja, azipashe na kuzizima pamoja, kisha moja aivunje mwenyewe na kutazama pale palipovunjika. Chembe zikiwa ndogo, zenye rangi ya kijivu iliyotulia, moto ulikuwa wa haki. Zikiwa kubwa na za kumetameta, chuma kilipashwa kupita kiasi, na ile kengee ya pili isimfikie mtu. Vipande hivyo viletwe siku ya kofia. Kwa kweli mimi nina hamu ya kuviona kuliko visu vyenyewe.

Sasa niseme machache kuhusu yanayoharibu desturi hii, nayo kwa sehemu kubwa ni jambo moja: kuchelewa. Kofia ikizungushwa kabla visu havijakwisha, yupo atakayepokea cha mwenzake na kuanza kuahidi. Kwanza msasa umekwisha, kisha ameugua, kisha simu haipokelewi. Dawa yake haihitaji kamati. Jina lisiingie kofiani mpaka kisu kiwe mezani. Atakayechelewa angoje zamu ijayo, bila ugomvi na bila kuwekwa kitako.

Kuhusu vifaa, nashauri tuzuie fahari. Mtu asishinde kwa fedha alizotumia. Mipini iwe ya mbao za kwetu, mninga, mvule au mzeituni wa mwitu, au ya mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kusafishwa mafuta. Na wakati wa kusaga vitu hivi mvae barakoa, maana vumbi lake halina urafiki na mapafu. Pembe za ndovu na meno ya wanyama pori zisikanyage hapa, hata zile "za babu". Mpingo, ambao mafundi wa Marekani wanauhusudu sana, ni halali na ni mzuri ajabu ukisuguliwa, ila mkumbuke kwamba tangu mwaka 2017 jamii yake yote imo katika orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara yake huangaliwa, kwa hiyo mwenye nia ya kumpelekea rafiki ng'ambo ubao wa mpingo aulizie kibali kwanza. Na anayesafiri kwa ndege na kisu alichopata akitie katika mzigo unaokwenda chini, kikiwa kimefungwa makali. Nasikitika kwamba jambo hili bado linahitaji kusemwa.

Mmoja wenu aliniuliza kuhusu sarafu. Katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, anayepewa kisu humrudishia mtoaji sarafu ndogo, ili ionekane amekinunua na kisikate urafiki. Katika kofia hakuna haja hiyo, kwa kuwa kila mtu amelipia kisu kwa kisu. Anayeogopa bado anaweza kutoa shilingi yake, tutainunulia msasa.

Ndugu Mwenyekiti, pendekezo langu kwa zamu yetu ya kwanza ni hili. Kiwe kisu cha jikoni, kengee yake isizidi sentimita 15, kwa kuwa jikoni kila mtu ana kazi ya kukipa, na hakuna atakayejitetea kwamba hakupata nafasi ya kukijaribu. Chuma kiwe kimoja kwa wote, kinunuliwe pamoja na kukatwa vipande sawa, ili tofauti tutakazoziona ziwe za mikono na moto, isiwe mtu anasingizia chuma. Ala si lazima, ila makali yafunikwe hata kama ni kwa kadibodi na gundi ya karatasi. Barua ya kwanza iambatane na kisu, na barua ya pili imfikie mwenzako kabla ya miezi mitatu kwisha. Juu ya urefu wa kengee niko tayari kushindwa kwa kura; juu ya barua sitakubali kwa urahisi. Mwenzetu aliyejitolea kuagiza chuma anahitaji kujua idadi yetu, kwa hiyo naomba daftari lizungushwe sasa, na kila anayeandika jina aandike pia kama anahitaji kipande kimoja au viwili, akikumbuka ile kengee ya kuvunja.